UZI: Chura akishtuka anaacha kula. Nani anamkataza, tumbo au macho?

Kiluwiluwi Mkongwe

Wakuu, habari za jioni. Naona jukwaa la sayansi siku hizi ni simu na akili mnemba tu. Leo vumilieni nilete chura.

Aliyewahi kumtia chura kwenye ndoo na kumtupia panzi anajua kinachofuata. Panzi anampanda mgongoni, anapita mbele ya pua, chura katulia tuli. Watu wanasema ameshiba, wengine wanasema amesusa. Hajashiba wala hajasusa. Kuna kemikali imeachiliwa kichwani mwake inayozuia kula, na kilichonifanya nifungue uzi huu ni mahali inapofanyia kazi. Sote tulifundishwa kwamba njaa ina kituo chake kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Ni kweli, lakini kwa chura breki nyingine ya kula imekaa kwenye ubongo wa kuona.

Nianze na homoni zenyewe. Chura akitishwa, haipothalamasi inatoa peptidi inayoitwa CRF, mnyororo wa asidi amino 41. CRF inaiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya haipothalamasi, itoe homoni nyingine, ACTH, ACTH inasafiri na damu hadi kwenye seli zilizotandaa juu ya figo (chura hana ile tezi yenye umbo la kofia tuliyo nayo sisi), na seli hizo zinatoa kotikosteroni. Sisi yetu kubwa ni kotisoli, chura yake ni kotikosteroni, kazi zinakaribiana.

CRF ilipatikana kwa kondoo. Mwaka 1981 Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, walitangaza kuwa wameitenga kutoka kwenye haipothalamasi za kondoo, na walihitaji rundo la bongo za kondoo kupata kiasi kidogo tu. Ila chura alikuwa ameshatoa ndugu yake mapema. Kundi la Vittorio Erspamer huko Italia lilikuwa tayari limekamua kutoka kwenye ngozi ya chura wa miti wa Amerika Kusini, Phyllomedusa sauvagei, peptidi ya asidi amino 40 wakaiita sovagini. CRF ilipokuja kusomwa herufi kwa herufi ikaonekana hizi mbili ni ukoo mmoja. Yaani chura alikuwa anajipaka ngozini kitu ambacho watu wanakitafuta kichwani mwa kondoo.

Nakuja na sehemu ya pili, nimalize kula kwanza.

Sangara_Mweusi

Mkuu umeanza vizuri ila usije ukatuacha njiani kama yule wa uzi wa mashimo meusi. Swali: chura anaona panzi kweli, au akiogopa anakuwa kama kipofu?

Kiluwiluwi Mkongwe

Sangara umegusa penyewe.

Chura haoni kama wewe. Kitu kisichotembea kwake hakina thamani ya chakula. Mjerumani Jörg-Peter Ewert wa Chuo Kikuu cha Kassel alitumia miaka mingi akiwaonyesha vyura wa nchi kavu vipande vya kadibodi vinavyosogezwa. Chukua kipande chembamba kirefu. Kisogeze kwa kufuata urefu wake, kama mnyoo anavyotambaa, chura anageuka, anakisogelea, anakikazia macho mawili, ulimi unatoka. Sasa kisimamishe wima kipande hicho hicho, ukisogeze upande kwa upande. Hapo chura hajali, au anaganda kabisa. Weka mraba mkubwa, anainama au anakimbia. Kadibodi ni ile ile, kilichobadilika ni jinsi inavyosogea.

Uamuzi huu unafanyika sana sana kwenye tektamu, vilima viwili vilivyo juu ya ubongo wa kati, ambako neva za macho zinaishia. Nyuma kidogo ya ubongo wa mbele kuna eneo dogo linaloizuia tektamu. Ewert alipoliharibu eneo hilo, chura alianza kurukia kila kinachotembea: mkono wa mtafiti, kadibodi kubwa ambayo angeikimbia, hata mguu wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba chura mzima, dakika zote, anazuiwa asirukie vitu. Kula ni pale kizuizi kinapolegezwa.

Kwa hiyo jibu: jicho linapokea. Ila njia kutoka kuona hadi kuruka imewekewa breki, na CRF ni mmoja wa wanaokanyaga hiyo breki.

Daktari Mtarajiwa

Mkuu hapo kwenye CRF naomba ushahidi. Mimi nasoma udaktari, tulifundishwa CRF inapunguza hamu ya kula kupitia haipothalamasi. Umeipataje kwenye ubongo wa kuona?

Kiluwiluwi Mkongwe

Swali la haki kabisa.

Maabara ya James Carr, Chuo Kikuu cha Texas Tech kule Lubbock, imeshughulika na jambo hili muda mrefu. Walionyesha kwamba seli zinazotengeneza CRF zimo ndani ya tektamu yenyewe, hazipo haipothalamasi peke yake. Kisha mwaka 2018 wakatoa majaribio kwa Xenopus laevis wachanga, yule chura wa majini wa kusini mwa Afrika mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vya nyuma.

Huyu Xenopus inabidi nimweleze kidogo maana ulaji wake ni kioja. Hana ulimi. Chakula anakisukumia mdomoni kwa vidole vya mbele, haraka haraka, viwiko vimetoka nje. Kipande kikiwa kikubwa anakishika kwa mdomo halafu anakipiga mateke kwa miguu ya nyuma ili kucha zikichane. Ukimwona mara ya kwanza utadhani anapigana na chakula. Kwa mtafiti hii ni bahati, kwa sababu unaweza kuhesabu vitu vingi tofauti: amekula kiasi gani, amepiga mateke mangapi, amekaa na chakula muda gani, amezunguka tangi mara ngapi.

Walidunga CRF moja kwa moja kwenye tektamu, kulia na kushoto. Chura wakala kidogo kuliko wenzao, na mateke pamoja na muda wa kugusana na chakula vikabadilika. Halafu wakatangulia kuwapa dawa inayoziba kipokezi cha aina ya kwanza cha CRF, yaani mlango wa seli unaopokea ujumbe wake. Ikadungwa CRF ile ile, safari hii haikufanya kitu.

Kinachonivutia zaidi ni hatua iliyofuata. Waliacha kudunga CRF wakawatisha chura kwa njia ya kawaida tu ya kuwapa bughudha. Ulaji ukashuka. Wakaziba kile kipokezi ndani ya tektamu, wakawatisha tena, na ulaji haukushuka. Yaani CRF ya chura mwenyewe, iliyotoka kwa sababu ya hofu yake mwenyewe, ndiyo iliyokuwa inamzuia kula, na ilimzuilia pale kwenye ubongo wa kuona. Kudunga homoni nyingi na kuona athari hakuthibitishi kwamba mnyama anaitumia hivyo maishani. Ukiiziba na athari ikatoweka, hapo una hoja.

Jambo jingine la ajabu kwenye kazi hiyo hiyo: kuwanyima chakula wiki nzima hakukubadilisha ulaji wao. Chura ni mnyama wa damu baridi, wiki moja kwake si kitu. Hofu ya muda mfupi ilikuwa na nguvu kuliko njaa ya siku saba.

Mzee wa Bonde

Mmewatisha vyura wa watu, mmewatoboa vichwa, kwa faida ya nani? Serikali haina hela ya dawa hospitalini, ninyi mnajadili hamu ya kula ya chura.

MamaDoto

Shikamoo Mzee wa Bonde. Mzee wangu, hizo hela ni za Wamarekani, wewe zinakuuma nini 😂

Mzee wa Bonde

Marahaba mwanangu. Haziniumi. Nauliza tu faida.

Kiluwiluwi Mkongwe

Mzee wangu shikamoo. Faida ipo. Binadamu naye ana tektamu yake, ndogo, kwenye ubongo wa kati. Panya wa maabara ukimpitishia kivuli cheusi kinachokua juu ya kichwa anaganda au anakimbilia shimoni papo hapo, na eneo hilo linahusika. Ila kwa mamalia tabaka za ubongo zimerundikana juu yake, ni vigumu kutenganisha nani amefanya nini. Kwa chura tektamu ni kubwa na iko wazi.

Hata ile biashara ya mimba, Mzee, ilipitia kwa chura huyu huyu. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali nyingi duniani zilifuga Xenopus: unamdunga jike mkojo wa mwanamke, kesho yake ukikuta mayai, mwanamke ni mjamzito. Akina mama wengi waliambiwa habari njema na chura.

Kuhusu kutoboa vichwa nakubaliana na wewe nusu. Maabara za siku hizi zina kamati za maadili ya wanyama na ganzi ni lazima. Haiondoi swali lote, najua.

Njeri_254

Niaje watu wa TZ. Huku kwetu nyanda za juu tuko na Xenopus borealis, tulikuwa tunawatoa kwa visima tukiwa watoto. Sasa niulize. Mimi nikiwa na stresi nakula kama sina akili nzuri. Chapati tatu usiku. Hiyo CRF yangu imelala ama?

MamaDoto

Njeri tuko wengi. Mimi ni chipsi mayai.

Kiluwiluwi Mkongwe

Karibu Njeri. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu tunasema "homoni za msongo" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko angalau mbili na zinavutana.

CRF ni ya haraka. Inafanya kazi ndani ya ubongo, sekunde na dakika, na ujumbe wake ni acha kula, angalia hatari. Kotikosteroni inatoka nyuma yake, inapitia damu, inakaa saa nyingi au siku. Kazi yake mojawapo ni kufidia nguvu zilizotumika, kwa hiyo hatari ikipita inamtuma mnyama atafute chakula. Robert Denver na Erica Crespi, wakiwa Chuo Kikuu cha Michigan, walifanya kazi hii kwa Xenopus na kwa chura mchimbaji wa magharibi mwa Marekani, Spea hammondii. CRF ikidungwa kwenye ubongo, ulaji unashuka. Kotikosteroni kwa chura wachanga waliokwisha kugeuka kutoka viluwiluwi inaelekea upande wa kuongeza ulaji. Ila wapi na lini inategemea umri: kiluwiluwi anayekaribia kugeuka haitiki kama chura aliyeshatoka majini.

Kwa hiyo Njeri, chapati zako ni za zamu ya pili. Ukipigiwa simu ya msiba sasa hivi, hutakula. Ukikaa na deni miezi mitatu, utakula. Usininukuu kama daktari wako lakini, Daktari Mtarajiwa yupo hapa.

Daktari Mtarajiwa

Yuko sahihi kwa kiasi. Wagonjwa wanaotumia vidonge vya prednisoloni muda mrefu tunaona njaa inapanda na mwili unanenepa. Hizo ni dawa za familia ya kotisoli. Lakini binadamu tuna mambo mengi, kuna wanaokonda kwa mawazo ya muda mrefu. Tusimwamini chura kwa kila kitu.

Mkuu mimi bado nina swali la NPY. Kwetu ni peptidi ya njaa, inaongeza kula. Kwa chura vipi?

Kiluwiluwi Mkongwe

Daktari, nilikuwa naiogopa hii NPY maana itachanganya watu. Haya.

Kwenye haipothalamasi ya chura NPY inafanya kama kwetu, inaongeza ulaji. Lakini kumbuka lile eneo dogo Ewert aliloharibu, chura akaanza kurukia mguu wake. Seli za pale zinatuma nyuzi hadi tektamu, na baadhi zinatumia NPY hiyo hiyo kama ujumbe. Ikifika tektamu inapunguza mwitikio wa seli kwa picha inayotembea. Peptidi moja, kwenye haipothalamasi inasema kula, kwenye tektamu inasema usiruke. Ndiyo maana mimi huwa sikubali sentensi ya "homoni fulani ni ya njaa". Homoni haina kazi mpaka uulize imefika wapi na imekutana na kipokezi gani.

Leptini ya chura, ile homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, nayo ipo, kwa wanaotaka kujua. Denver na Crespi waliipata kwa Xenopus mwaka 2006, nayo inashusha ulaji kama kwetu.

Sangara_Mweusi

Mimi nataka viluwiluwi. Nafuga samaki, kwenye bwawa langu viluwiluwi wakiona kivuli wanatulia wote. Nao ni CRF?

Kiluwiluwi Mkongwe

Sangara, viluwiluwi ndio walionivuruga kichwa kuliko wote.

Kiluwiluwi akinusa hatari majini, kwa mfano mabuu ya kereng'ende yakiwa yanamla mwenzake, anaacha kusogea na anaacha kukwangua mwani. Ungetegemea kotikosteroni yake ipande. Mwaka 2009 kundi la Michigan lilionyesha, kwa viluwiluwi wa chura wa misituni wa Amerika Kaskazini, kwamba ngozi ya kiluwiluwi aliyeshambuliwa inatoa kemikali ya tahadhari, na wenzake wakiinusa kotikosteroni yao INASHUKA. Wakiongezewa homoni hiyo kwenye maji, ule utulivu wa kujificha unapotea, wanaendelea kuzunguka. Fikiria: homoni inayosukuma mnyama ahangaike ni hatari kama adui yuko karibu na anawinda kwa kuona kinachotembea. Bora izimwe kwanza. Adui akikaa siku nyingi hesabu inabadilika, kotikosteroni inapanda na viluwiluwi wanaota mikia mipana ya kukimbilia.

Halafu kuna adui mwingine ambaye huwezi kumjifichia, ukame. Yule Spea anazaa kwenye madimbwi ya mvua yanayokauka haraka. Maji yakipungua, CRF kwenye haipothalamasi ya viluwiluwi inapanda, kotikosteroni inapanda, ulaji unapungua, na wanaharakisha kugeuka chura. Kwa amfibia CRF inaiamuru pituitari itoe pia homoni inayoamsha tezi ya thairoidi, na thairoidi ndiyo yenye mamlaka ya kugeuza kiluwiluwi. Anatoka akiwa mdogo, lakini anatoka. Aliyebaki kula dimbwini anakauka na matope.

Bwana Kihansi

Mada nzuri sana. Mniruhusu nilete ya kwetu, kwa sababu Watanzania tuna chura maarufu kuliko wote na hatumjui.

Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, hajai sentimita tatu, anazaa watoto walio hai bila viluwiluwi vya kuogelea. Aliishi kwenye kipande kidogo cha manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, Udzungwa, na kwingine kokote duniani hayupo. Mtambo wa umeme ulipochukua maji mwishoni mwa miaka ya 1990, manyunyu yalipungua kwa takriban asilimia 90. Mwaka 2000 chura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York. Wakafa wengi kwanza. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapokea kundi la kurudi mwaka 2010, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni.

Sisemi kilichowaua Marekani ni msongo, kulikuwa na magonjwa, mwanga, lishe, mambo chungu nzima. Ila anayefuga chura wadogo namna ile anajua kula ndiyo kipimo cha kwanza. Unamwaga nzi wadogo wa matunda, unasimama pembeni, unaangalia nani amegeuza kichwa. Na usimame mbali, maana ukiinama juu ya tangi, kivuli chako ndicho kile kitu kikubwa kinachotoka juu. Unajaribu chura kama anakula, kumbe wewe ndiye unayemzuia.

Kiluwiluwi Mkongwe

Bwana Kihansi umenipa hoja niliyoisahau. Siku hizi kuna njia ya kupima kotikosteroni bila kumchoma chura sindano. Unamweka kwenye chombo cha maji safi kwa saa moja hivi, homoni inatoka kupitia ngozi na mkojo, unapima maji. Kwa viumbe adimu kama wale ni neema, kwa sababu kutoa damu kwenyewe ni msongo.

Na nyenje msiwaache usiku kucha kwenye tangi la chura asiyekula. Nyenje mwenye njaa anamtafuna chura ngozi na vidole. Chura ameganda kwa hofu, chakula chake kinamla yeye, na kila kuguswa kunaongeza hofu. Nimewahi kuona chura wa kidole kilicholiwa mpaka mfupa.

MamaDoto

Jamani! Sasa asiyekula nimfanyeje? Mwanangu ameleta mmoja yuko kwenye karai.

Kiluwiluwi Mkongwe

MamaDoto, la kwanza ni kumrudisha alikotolewa. Kama mtoto amegoma, mhamishie kwenye chombo kilichofunikwa pande tatu, majani ya kujificha, unyevu, giza kidogo. Maji yawe ya mvua au yaliyokaa wazi siku nzima, ya bomba yana klorini. Acheni kumchungulia. Usiku mpe nyungunyungu mmoja, apite mbele yake kwa urefu. Akimeza utaona macho yanadidimia ndani ya kichwa, msishtuke, anayatumia kusukuma chakula kooni. Na munawe mikono, ngozi ya baadhi yao ina sumu.

Mwalimu wa Sayansi

Nimechelewa uzi, samahanini. Nina viluwiluwi darasani, nawapa mchicha uliochemshwa, walikuwa wanakula kama mbuzi. Tangu miguu ya mbele ianze kutoka hawagusi kitu. Wanafunzi wanasema wamewaogopesha kwa kelele. Nimesoma hapa kuhusu CRF nikapata wasiwasi.

Kiluwiluwi Mkongwe

Mwalimu, hao hawajatishwa, ni wakati wao. Thairoidi iko kileleni, na kotikosteroni nayo imepanda kuisaidia kazi. Utumbo mrefu wa kula mimea unafupishwa na kujengwa upya kuwa wa mla nyama, mdomo nao unabadilika, hata wangetaka kula wasingeweza. Wanaishi kwa kuuyeyusha mkia. Ondoa mchicha usiozeshe maji, punguza kina, weka jiwe la kupandia kabla hawajazama. Mkia ukiisha, anza na wadudu wadogo sana.

Mwalimu wa Sayansi

Shukrani sana mkuu. Mchicha nimeshautoa, jiwe kesho asubuhi. Wadudu wadogo sana nitawapata wapi Morogoro mjini?

Bwana Kihansi

Mwalimu, acha ndizi iliyoiva sana kwenye chupa wazi siku tatu. Watakuja wenyewe.